MJADALA: Bushi ndogo ikigoma kutoka, mlingoti mzima utupwe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mezani kwangu kuna mlingoti wa foili, alumini tupu, sentimita 75, umenyooka kama siku ulipotoka dukani. Ugonjwa wake ni mmoja. Chini, pale unapofungwa na bomba linalobeba mabawa, kuna bushi ya stenlesi, yaani kibomba kifupi chenye meno ya skrubu ndani, iliyopachikwa kwa kubanwa. Meno ya bushi yameliwa, skrubu inazunguka bure, na bushi yenyewe haitoki.

Kwa msiojua, foili ni bawa linalokaa chini ya ubao na kuuinua juu ya maji, na mlingoti ndio mguu wake. Hapa Paje, Zanzibar, tunaipanda maji yakijaa. Yakitoka, bawa linalima mchanga, au linanasa kwenye kamba za mwani, na hapo akina mama wanaoulima watakusema mpaka ukome. Wana haki.

Nimemwandikia aliyeniuzia. Jibu: bushi haiuzwi peke yake, nunua mlingoti mpya.

Hoja yangu ni hii. Anayebana stenlesi ndani ya alumini huku akijua chombo kinaenda baharini, sheria imlazimishe kuuza hicho kipande na kuacha njia ya kukitoa. Metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeshatengeneza betri, na anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe unaouona pembeni unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo kila mwezi unaopita bushi inazidi kukabwa. Mtengenezaji analijua hilo. Tundu dogo nyuma ya bushi, la kupitishia fimbo na kugonga, lingemgharimu nini?

Ulaya wamepitisha agizo la haki ya kutengenezewa mwaka 2024, linaanza kutumika Julai 31, 2026. Mashine za kufulia zimo, friji zimo, simu zimo, hata mashine za kuchomelea. Vifaa vya michezo ya majini havimo. Kwa nini?

Mwenye duka la kukodisha

Kaka, napinga, na ninayo milingoti kumi na kitu stoo. Bushi imebanwa ili isicheze. Ikicheza nusu milimita hapo chini, bawa linatikisika, na bawa la foili ni panga. Nimeshamshona mteja paja, sitaki kurudia. Sasa sheria yako ipite, kila mtu apeleke mlingoti kwa fundi wa chini ya mwembe, apige nyundo, apanue tundu, arudishe bushi kwa gundi. Ukikatika mtu yuko kasi, nani atalipa? Mtengenezaji atasema si kazi yangu, na fundi simu haipatikani.

Halafu tuambiane ukweli. Mara ya mwisho kufungua hizo skrubu, ukasuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kupaka grisi, ilikuwa lini?

Mchangiaji mwingine

Mnazunguka tu. Nunua shabu sokoni, saga, chemsha na maji, tumbukiza. Chuma kinayeyuka, alumini inabaki. Mafundi saa wanatoa hivyo skrubu zilizokatikia ndani.

Fundi wa kukereza, Mombasa

Ndugu yangu wa shabu, umesema kweli nusu. Shabu ya moto inakula chuma cha kawaida, na nimeitumia kutoa tepu, kile chombo cha kukatia meno, iliyokatikia kwenye alumini. Stenlesi haiigusi. Weka sumaku: isiposhika, usipoteze mkaa wako.

Mleta mada, maji moto pekee nayo hayatakusaidia sana, na sababu ni hesabu. Alumini inatanuka kuliko stenlesi, sawa, lakini bushi ya milimita 14 ukiipasha pamoja na mlingoti hadi maji yachemke, nafasi unayopata ni kama milimita 0.007. Mbano unaweza kuwa mara mbili tatu ya hapo, na bado kuna huo unga. Inayokupa kitu ni tofauti ya joto kati yao. Nje mwagia maji yanayochemka, ndani ya bushi shindilia barafu na chumvi, ufanye haraka kabla alumini haijaipasha bushi. Tochi ya gesi usiiguse. Ikiwa ni alumini ya daraja la 6061-T6, kiwandani iliivishwa kwa nyuzi 160 hadi 177 hivi. Ukivuka 200 unailainisha, na hapo mwenye duka atakuwa na haki ya kuogopa.

Kisha fanya kama tunavyotoa bering ya flaiwili. Safisha meno yaliyobaki kwa keekee ya milimita 8, ukikoma kabla ya kugusa alumini iliyo nyuma. Jaza tundu lote grisi, usiache hewa. Tafuta fimbo ya chuma inayoenea kabisa, ipige. Grisi haina pa kwenda isipokuwa nyuma ya bushi, na itaisukuma ije kwako. Ikivuja pembeni, shindilia karatasi iliyolowa kati ya grisi na fimbo.

Kuhusu sheria, mimi niko katikati. Kuuza bushi, walazimishwe kesho asubuhi. Tundu la nyuma hapana, kwa sababu ni mlango mwingine wa maji ya chumvi, na mlingoti wenyewe uko wazi ndani. Afadhali waachie bushi meno ya pili, mapana, ya kufungia pula, chombo cha kuivutia nje.

Mleta mada

Mwenye duka, nakubali, msimu mzima wa kusi sikufungua hata mara moja. Fedheha hiyo ni yangu. Lakini fundi anayepanua tundu kwa nyundo anafanya hivyo kwa sababu hana kipande kipya wala kipimo chake. Umemnyima mtu vipuri, halafu unamlaumu kwa kubahatisha.

Fundi, sumaku haikushika. Jana jioni nimefanya ulivyosema. Pigo la kwanza grisi ilinirukia usoni. Nikaongeza karatasi. La nne lilitoa mlio kama mbao kavu inapopasuka, na leo asubuhi nimepima kwa kalipa: bushi imesogea milimita moja na nusu, na pembeni yake kuna duara la unga mweupe. Meno ya pili ya kufungia pula nayakubali kuliko tundu langu.

Mwenye duka, ile milingoti yako kumi na kitu, ina bushi za kubana au za kufunga? Na ukitaka bushi moja leo, unaandikia nani?