Nina kitochi, na matangazo yote ya chuo yako WhatsApp. Nimwambie baba?

BintiRukwa

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni mwaka wa kwanza, ualimu, Historia na Jiografia, chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nimetokea Sumbawanga. Naandikia kwenye kompyuta ya maktaba na tunapewa saa moja moja, kwa hiyo mnisamehe nikikosea herufi.

Jumatatu ilikuwa orientesheni. Saa mbili kasoro nilishafika ukumbini, nimevaa gauni aliloshona mama, mkobani nina bahasha ya vyeti, risiti ya bima ya afya ya 50,400, daftari jipya na kalamu mbili. Nilidhani tutaandika. Shuleni tulizoea hivyo, mtu akisimama mbele wewe unaandika. Walizungumza wengi: mshauri wa wanafunzi, watu wa maktaba, wa mikopo, serikali ya wanafunzi. Nilijaza kurasa tano na nilikuwa na furaha kweli.

Kisha akaja kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Ukutani ikatokea ile alama ya mraba yenye vidoadoa, akasema kila mtu askani aingie kwenye grupu la kozi yake, kwamba ratiba, vyumba na matangazo yote yatakuwa humo. Ukumbi mzima ukanyanyua simu. Mimi nina kitochi, namba 5 imeshafutika kwa kubonyezwa. Sikukitoa. Niliweka mkono juu ya mkoba. Kijana aliyekaa kulia kwangu akaniuliza, "Umeshaingia?" Nikamjibu, "Nimeshaingia."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kanisani kwetu mimi ndiye nilikuwa nasoma somo la kwanza mbele ya watu wote, si mwoga. Siku ile mdomo ulitangulia.

Jana nimeona matokeo yake. Ratiba niliyonakili kwenye ubao wa matangazo ilisema saa nne, ghorofa ya pili. Nikakaa humo peke yangu mpaka saa tano kasorobo. Akaingia mama wa usafi na ndoo yake, akasimamisha fagio la deki, akaniuliza, "Mwanangu, unamsubiri nani?" Nikamwambia nasubiri kipindi. Akasema wamehamishiwa jengo la chini tangu asubuhi, aliwasikia wakiambizana kwenye korido. Nilipofika walikuwa wanatoka. Walishagawanywa makundi ya semina na mimi simo.

Sasa swali langu. Baba ameuza ng'ombe kwa ajili ya nauli, godoro na ada ya kuanzia. Kilichobaki ndani ni mahindi ya kula mpaka mavuno. Namjua baba yangu. Nikisema tu nahitaji simu, kesho yake magunia yako sokoni, na wadogo zangu wanne wako pale nyumbani. Mkopo nimepata ila pesa ya kujikimu bado haijaingia. Nimwambie, au nikae kimya nisubiri boom, yaani hiyo pesa ya kujikimu? Na hizo wiki za kusubiri nitaishije? Nje ya geti kuna duka wanatoa simu unalipa kidogo kidogo kila siku. Nimepita hapo mara mbili.

FundiSimu_Ubungo

Marahaba mdogo wangu. Usipite mara ya tatu.

Hizo simu unatoa kianzio, halafu kila siku unalipa buku na ushee. Siku ukikosa inajifunga yenyewe, huwezi hata kusoma meseji. Naletewa nizifungue kila wiki, wengi wao wanafunzi, na siwezi kuwasaidia. Juzi dada mmoja alipiga hesabu hapa mezani kwangu, alikuwa ameshalipa zaidi ya bei ya dukani na bado deni lipo.

Subiri pesa yako. Ukinunua iliyotumika, bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15. Zitume kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu lisipofanana na simu uliyoshika, mrudishie mwenyewe uondoke. Na risiti udai, hata kama muuzaji ananuna.

CR_Mstaafu

Pole sana, mdogo wangu. Nilikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, miaka mitatu kwa hiyo hili nalijua vizuri. Darasa langu lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, wenye vitochi walikuwa sita. Majina yao niliyaandika nyuma ya daftari. Tangazo likitoka naliweka kwenye grupu, kisha nawatumia wale sita meseji ya kawaida. Haikunichukua hata dakika mbili. Mtafute CR wako leo, mwambie, "Sina WhatsApp, naomba unitumie meseji." Hawezi kulijua hilo usipomwambia.

Makundi ya semina: nenda kwa mhadhiri mwenyewe au msaidizi wake wiki hii hii, na namba yako ya usajili mkononi. Wiki za mwanzo huwa wanaongeza majina, baadaye inakuwa vigumu.

Kinachonitia wasiwasi kuliko grupu ni usajili wa kozi. Huo una tarehe ya mwisho na haufanyiki WhatsApp. Unaingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, hata kwenye hiyo kompyuta uliyokaa sasa hivi unaweza. Umeshafanya? Kama bado, funga ukurasa huu ukafanye kwanza, halafu uchapishe fomu ubaki nayo.

Na boom likiingia usikimbilie simu kubwa. Ni 10,000 kwa siku, ya kula na kulala. Simu ya 180,000 ni siku kumi na nane hizo. Tafuta ndogo inayofungua WhatsApp na PDF, basi.

MzeeWaVimbweta

Marahaba binti yangu. Nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya tisini. Matangazo yetu yalikuwa karatasi, unajipenyeza mpaka ubaoni na kalamu mdomoni. Pale Nkrumah, jengo lililokuwa kwenye noti ya 500 ya zamani, nilifika siku ya kwanza na kandambili. Kwa hiyo hayo ya simu nawaachia vijana, wameyasema vizuri.

La baba nitasema mimi, kwa sababu nami ni baba. Kijana wangu mkubwa alinificha mwaka mzima kwamba alikuwa anashinda njaa chuoni ili asinisumbue. Nimekuja kuambiwa na rafiki yake. Mpaka leo nikikumbuka nashindwa kula. Usimfanyie baba yako hivyo. Mpigie, umweleze yote, ila uanze na mpango: sina simu ya WhatsApp, CR atanitumia meseji, pesa ikiingia nitanunua mwenyewe, mahindi usiyaguse. Mzazi anauza chakula akiona mtoto amekwama hana njia. Akiisikia njia atatulia.

BintiRukwa

Nimerudi wakubwa zangu, leo ni Ijumaa. Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili.

Usajili nilikuwa bado! CR_Mstaafu, Mungu akubariki, nilifanya siku ile ile, fomu iko kwenye bahasha ya vyeti. CR wetu ni dada wa Lindi. Nilipomwambia akafungua daftari akaandika namba yangu, wala hakuniuliza kitu. Nimekuwa wa tatu kwenye orodha yake. Semina nimewekwa kundi la saba.

Yule kijana wa ukumbini nilikutana naye kwenye foleni ya chakula. Nikamwambia siku ile sikuwa nimeingia, sina simu ya hivyo. Akasema, "Basi njoo nikusomee ya jana." Tukakaa akanisomea matangazo yote, nikaandika.

Baba nilimpigia jana usiku. Nilianza na mpango kama mzee ulivyonielekeza. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza simu inauzwaje. Nikamwambia baba, usiuze. Akasema, "Haya. Lakini gunia moja naliweka pembeni mpaka nisikie hiyo pesa imeingia."

Saa yangu hapa inaisha. Nina kipindi saa nane, jengo la chini, meseji imeshaingia.