Naomba ushauri: nawafundishaje masheha sheria ya kupata taarifa?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Chake Chake, Pemba, nimepewa siku moja tu kuwafundisha masheha (viongozi wa serikali wa mitaa na vijiji, yaani shehia) na makarani wa masjala haki ya mwananchi kupata taarifa za serikali. Tabu ni kuwa Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016, yenye siku 30 za kumjibu mwombaji, ni ya Tanzania Bara. Huku nashika kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, nacho hakimwambii karani faili lipi atoe.

Mara iliyopita nilisoma vifungu tu, watu wakasinzia kabla ya chai! Safari hii nataka waigize: mtu kaja kuuliza hesabu za kisima cha shehia, faili limegongwa muhuri wa "Siri". Aliyewahi kufundisha hivi alianzia wapi?