Mnaouza safari za Kalambo kama pikiniki ya wikiendi, rudisheni hela za watu

Wakuu, salamu kwenu. Nina hasira na sitaificha.

Kuna watu Dar wanauza safari ya maporomoko ya Kalambo kwa wikiendi moja: kutoka Ijumaa jioni, kurudi Jumapili usiku, usafiri wa Noah, kiingilio na picha humo humo. Watu wanalipa kwa sababu tangazo ni zuri na bei inavutia. Mimi na wenzangu wa kazini tulilipa. Tumefika mkoani Rukwa yaliko, tumerudi, maporomoko hatukuyaona, na hela hawataki kurudisha. Jina la kampuni siliweki hapa, malalamiko yanaenda kwa maandishi yanakotakiwa kwenda. Nataka tu mwingine asiingie.

Kalambo iko mpakani na Zambia, kule kusini kabisa mwa Ziwa Tanganyika. Kutoka Dar unapita Morogoro, Iringa, Mbeya, unafika Tunduma kwenye foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo, ndipo unakata kulia kuitafuta Sumbawanga. Kipande hicho cha Tunduma hadi Sumbawanga peke yake ni kilomita 223. Jumla mpaka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na hapo bado hujafika. Unatafuta Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, unashika barabara ya bandari ya Kasanga, kisha unaiacha lami kuelekea upande wa Kapozwa. Sasa mtu anayekwambia unatoka Dar Ijumaa jioni, unashuka bondeni, unapiga picha, na Jumatatu asubuhi uko ofisini, huyo hajawahi kwenda. Angekuwa amekwenda hata mara moja asingethubutu kuliandika tangazo lile.

Kabla ya kulipa nilimuuliza kijana wa kwenye simu: tunalala wapi, na dereva wako wangapi? Akajibu, "Kila kitu kiko sawa bosi wangu, wewe njoo na begi lako tu." Dereva alikuwa mmoja. Mmoja, kwa njia yote hiyo, usiku kucha, na mlima wa Kitonga wenye kona kali upo katikati. Tunduma alikuwa anajimwagia maji ya chupa usoni ili asisinzie. Sisi nyuma tuko macho tunamsemesha asilale. Hivi mnajua mnacheza na roho za watu?

Halafu ilikuwa Februari. Rukwa ina msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba unakwenda hadi Aprili, hilo mwenyeji yeyote wa Sumbawanga atakwambia bila kufikiri. Barabara ya vumbi kipindi hicho inakuwa tope, tope lile zito la kunata linalojaa kwenye rimu mpaka tairi linashindwa kuzunguka. Na Noah yenyewe matairi ya nyuma yalikuwa vipara. Asubuhi ya Jumapili nilipitisha kidole kwenye tairi nikagusa waya. Hatukwenda mbali baada ya lami. Gari lilizama upande wa kushoto, likalalia tumbo, kila dereva akikanyaga mafuta linazidi kuchimba.

Waliotutoa ni vijana wa kijijini waliokuwa wanakwenda shamba. Wakachimba kwa majembe, wakakata matawi wakayatandika chini ya tairi, wakasukuma mpaka wakaloa tope kifuani. Mmoja wao, mtu mzima kidogo, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, huku masika Noah haiji. Wanaokuja wanakuja na Land Cruiser, au wanaacha gari Matai wanachukua pikipiki." Maneno hayo yalikuwa yanapatikana kwa simu moja tu. Kampuni haikupiga. Vijana wale tuliwalipa sisi abiria kwa kuchangishana, na tulipompigia yule wa ofisini akasema gharama za dharura haziko kwenye kifurushi. Saa zilikuwa zimekwenda, tukageuza.

Kilichoniuma zaidi kuliko hela ni mama mmoja tuliyekuwa naye, mtu mzima, magoti yanamsumbua, ametoka zake Temeke kwa sababu amezaliwa Sumbawanga na kila siku alitamani kuyaona maporomoko hayo. Hakuna aliyemwambia kwamba upande wetu wa Tanzania kuna ngazi za kushuka bondeni, nyingi, na kilichoshukwa lazima kipandwe. Angeambiwa mapema angejipanga, angebaki juu mahali pa kutazamia, au angekuja na mjukuu wa kumshika mkono. Hawakumuuliza hata umri. Walimuuliza tu analipa kwa mtandao gani wa simu.

Na tangazo lenyewe ni uongo mtupu. Picha waliyoweka ni ya Victoria, ule ukuta mpana wa maji. Kalambo haifanani na hivyo hata kidogo. Kalambo ni mto mwembamba unaofika ukingoni na kuanguka kwa mruko mmoja, zaidi ya mita 200, ndani ya korongo refu linaloelekea ziwani. Wameandika kwamba ni "ya pili kwa urefu Afrika baada ya Victoria". Victoria ina mita 108! Kalambo inaizidi karibu mara mbili. Inayotajwa juu yake ni Tugela ya Afrika Kusini. Mtu anauza kitu na hajui urefu wake, na sifa hiyo ndiyo anayoitangaza.

Kwenye gari nilimuuliza "mwongozaji" wetu kuhusu yale magogo ya kale. Hajawahi kuyasikia. Wakuu, juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, kuna sehemu iliyoanza kuchimbwa na mwanaakiolojia Desmond Clark miaka ya 1950. Mwaka 2023 watafiti wakatangaza kwamba kumepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa, moja juu ya jingine, umri wake miaka 476,000 hivi. Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea. Hakuna popote duniani palipopatikana kazi ya kuunganisha mbao ya kale kuliko hiyo. Unampeleka mtu safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kisha huna hata sentensi moja ya kumwambia?

Sasa wenzetu wawili wameapa hawatakanyaga tena Rukwa. Wanasema huko hakufikiki. Hapo ndipo hasira yangu inapopanda. Rukwa haina kosa lolote. Kule kuna watu waungwana, kuna baridi ya Ufipa ambayo ukiwa na koti inapendeza, kuna Kasanga na mabaki ya boma la Mjerumani, kuna ziwa. Ukienda kiangazi njia inapitika, na ndio wakati wale ndege wakubwa, korongo mfukoshingo, wanataga kwenye majabali pembeni ya maporomoko. Ukitaka maji mengi, nenda mara mvua zikikatika, Mei hivi, maana ukichelewa mpaka Oktoba mto unakuwa umepungua sana. Panga siku za kutosha, lala Mbeya, lala Sumbawanga, piga simu kwa mtu wa Matai uulize njia ikoje wiki hiyo. Hiyo ndiyo safari ya Kalambo. Wanaouza wikiendi wanaiharibia wilaya nzima jina.

Kuhusu hela: jibu lao ni kwamba "safari imefanyika". Nimeomba leseni ya biashara ya utalii, ile iliyozoeleka kwa jina la TALA, ambayo kila anayefanya biashara ya utalii anatakiwa kuwa nayo, wiki ya pili hii wananiambia "bosi amesafiri". Malipo yalikwenda kwenye namba ya mtu binafsi, jina lililotokea halihusiani na kampuni. Ujumbe wa malipo ninao, tangazo nimelihifadhi pamoja na tarehe, picha za matairi ninazo. Napeleka Tume ya Ushindani. Kama na wewe ulilipia safari ya namna hii ukarudi mikono mitupu, njoo inbox tuunganishe vielelezo, tukienda wengi ni vigumu kutupuuza.

Na mliolipia safari yao ya mwisho wa mwezi huu, mvua bado zinanyesha kule. Wapigieni leo. Waulizeni gari gani, madereva wangapi, mnalala wapi, na wawaambie kwa jina kijiji ambacho mnaachia lami. Wakianza kuzungukazunguka, daini hela yenu kabla gari halijatoka Dar.