Rap ya uzalendo: nani kawapa chawa, wasifiaji wa wakubwa, hatimiliki ya bendera?

Wakuu, leo mnivumilie, nimefura.

Wiki jana niliitwa kutumbuiza kwenye sherehe moja ya kitaifa, wilaya siitaji. Makubaliano laki mbili. Saa moja asubuhi niko uwanjani juu ya Canter la spika, jua linanikaanga. Saa nne jamaa wa kamati kanishika bega: "Mdogo wangu, ule ubeti wa glavu utoe. Leo siku ya uzalendo." Ubeti wenyewe unasema dada kaenda kujifungua na mfuko wa Rambo mkononi, ndani glavu, wembe na pamba, vyote kanunua mwenyewe. Basi. Hamna tusi wala jina la mtu.

Nikagoma, wakanikata kwenye ratiba. Akashuka staa mmoja kwenye V8, kapiga plebaki dakika kumi, bendera bendera, amani amani, huyo kasepa.

Sasa mzalendo hapo nani?

Rap ya Bongo mwanzoni mwa miaka ya 90 ilikuwa ya watoto wa kishua, wa Upanga na Oysterbay, wenye ndugu Ulaya wa kuwaletea kanda. Iliposhuka Temeke na Manzese ikaanza kuongelea kodi ya chumba, ndipo ikaitwa ya kihuni. Leo wanasiasa wanaililia, ila wanaitaka bila njaa yake.

Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wakaufungia. Kesho yake Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, tena aongezee mistari. Mtaani shangwe. Mimi nikabaki najiuliza, kumbe uchochezi na uzalendo vinategemea mkubwa kaamkaje? Mwaka uliofuata rapa Sugu, wakati huo mbunge kabisa wa Mbeya Mjini, akahukumiwa miezi mitano kwa maneno ya mkutano wa hadhara. Yeye hakuna aliyemwambia aongezee mistari.

Na msinijie na "mbona wasanii wamefika bungeni". Najua. Profesa Jay aliingia kwa Mikumi 2015 akiwa upinzani, MwanaFA kwa Muheza 2020 akiwa CCM. Hao walisimama wakaomba kura kwa majina yao. Nawasema hawa chawa wanaokumbuka kwamba wana nchi mwaka wa uchaguzi tu.

Laki mbili sijaiona mpaka leo, simu hazipokelewi. Niliambulia soda na tisheti ya sherehe, saizi ya mtoto wa darasa la tano. Bi mkubwa anaipigia deki.