Samantha, Sabrina na Wanda: mchawi wa vichekesho vya televisheni amebadilika kwa kiasi gani?

Msomaji wa Tanga (swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mara nyingi tunaelezwa kwamba mchawi wa kike katika vichekesho vya televisheni ya Marekani alianza akiwa kikongwe wa kutisha, kisha polepole akageuzwa kuwa mwanamke mwema. Mimi nimeitazama *Bewitched*, iliyoonyeshwa na kituo cha ABC kuanzia Septemba 1964 hadi 1972, na sikuliona hilo. Samantha, aliyeigizwa na Elizabeth Montgomery, ni mwema tangu siku ya kwanza. Kinachonisumbua ni kwamba mara tu baada ya harusi anamfichulia mumewe Darrin kuwa yeye ni mchawi, na Darrin anamtaka aache uchawi, apike na apige deki kama wake wengine, naye anakubali. Je, tamthilia hiyo iliwainua wanawake, au iliwafundisha kwamba mwenye uwezo mkubwa afiche uwezo wake ili ndoa idumu? Na hao waliomfuata wamebadilisha nini hasa?

Mwalimu wa Fasihi, Nairobi

Msomaji wa Tanga, swali lako ni zito, na ningekushauri utenganishe ahadi anayoitoa Samantha na yale anayoyatenda wiki baada ya wiki. Ahadi ni kuacha uchawi, lakini hadithi haiendi bila ahadi hiyo kuvunjwa, na karibu kila inapovunjwa, anayeokolewa ni Darrin na kazi yake katika kampuni ya matangazo. Yale ambayo Samantha hawezi kuyatamka, yaani kwamba mumewe anamnyima haki yake ya kuzaliwa, anayasema mama yake, Endora, ambaye kwa makusudi hulikosea jina la mkwewe. Waandishi walimpa mama mkwe hoja zenye nguvu kuliko za mume, na sidhani kwamba hilo lilitokea kwa bahati.

Itafute sehemu ya Halloween, sikukuu ya Oktoba ya mizimu na wachawi, ya mwaka 1964, kwa sababu inazungumzia jambo hili hili tunalolijadili. Mteja wa Darrin, mtengenezaji wa peremende, anataka tangazo lenye kikongwe mwenye pua ndefu na meno mabovu. Samantha na wanawake wenzake wa ukoo wa wachawi wanaumizwa na sura hiyo, nao wanaamua kuandamana: wanamtokea mteja usiku chumbani mwake wakiwa na mabango, wakidai wachawi waache kuchorwa hivyo, na wanamsumbua mpaka anakubali. Hapo vichekesho vilimpa mchawi wa kike nafasi ya kupinga namna anavyochorwa, tena katika miaka ambayo wanaharakati wa haki za raia walikuwa barabarani na mabango ya kweli.

Hata hivyo, tazama ushindi huo una sharti gani. Tangazo jipya lina mchawi mrembo, na hoja inayompendeza mteja ni kwamba akina baba watavutiwa na kununua peremende. Mchawi amesafishwa jina kwa kupewa uzuri, huku kikongwe akiachwa pale pale alipokuwa.

Mtazamaji wa Mombasa

Mwalimu, nakubaliana nawe, na ningependa kuongeza kwamba *I Dream of Jeannie*, iliyoanza NBC mwaka 1965, ilirudi nyuma. Jini la kike linatolewa chupani na mwanaanga wa Marekani, nalo linamwita Bwana na kumtimizia mambo kwa kufumba na kufumbua. Sisi wa pwani, tuliolelewa na hadithi za majini ambayo binadamu huyaogopa na kuyabembeleza, tuliliona jini hilo kuwa la ajabu sana kwa utiifu wake.

Badiliko kubwa kwangu ni *Sabrina the Teenage Witch* ya mwaka 1996, iliyodumu hadi 2003. Msichana anatimiza miaka 16, anaambiwa kuwa ni mchawi, na hakuna anayemwambia aache. Anaishi na shangazi zake wawili, Hilda na Zelda, katika nyumba isiyo na mwanamume wa kuombwa ruhusa, ukimwondoa paka Salem, ambaye ni mchawi aliyegeuzwa mnyama kwa kosa la kutaka kuitawala dunia. Sabrina anatakiwa kujifunza kuutumia uwezo wake, anakosea, na anabeba matokeo ya makosa yake. Bado anawaficha majirani siri hiyo, lakini kuficha huko si amri ya mume. Kwa binti aliyekuwa akitazama wakati ule, tofauti hiyo ilikuwa kubwa sana.

Mkazi wa Shinyanga

Naheshimu michango yote miwili, lakini ningeomba tusimwache yule kikongwe aliyetajwa na Mwalimu. Katika mji wa Salem, Massachusetts, watu 19 walihukumiwa na kunyongwa kwa tuhuma za uchawi mwaka 1692, na mzee Giles Corey alikufa akilundikiwa mawe. Mwaka 1970 waigizaji wa *Bewitched* walikwenda kupiga picha katika mji huo huo, na tangu 2005 ipo pale sanamu ya Samantha akiwa juu ya ufagio, ingawa baadhi ya watu waliipinga. Karibu karne tatu zilipita kabla ya watu kuweza kucheka mahali pale.

Huku kwetu Usukumani muda huo haujapita. Wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa kuni na wa samadi kavu waliouvumilia jikoni maisha yao yote. Kwa hiyo ninapoulizwa kama mchawi wa televisheni amebadilika, siwatazami wasichana warembo. Namtazama bibi mwenye makunyanzi, na nauliza kama yeye amewahi kuonyeshwa kuwa mtu wa kupendwa.

Mwalimu wa Fasihi, Nairobi

Ndugu wa Shinyanga, umeuliza swali tulilopaswa kuanza nalo, na nakushukuru. Jibu langu ni kwamba ameonyeshwa hivyo, ila kwa nadra mno. Katika *Bewitched* yumo Shangazi Clara, bibi msahaulifu ambaye uchawi wake humponyoka, anayeingia nyumbani kwa kuporomoka kupitia bomba la moshi, na ambaye hukusanya vitasa vya milango kama wengine wanavyokusanya stempu. Samantha humtetea kila mara. Mwigizaji wake, Marion Lorne, alifariki Mei 1968, akatunukiwa tuzo ya Emmy siku chache baadaye. Baada yake pengo ni refu: hata Hilda na Zelda, wenye umri wa karne kadhaa, walipewa nyuso za wanawake wa makamo.

Kuhusu Wanda, mchawi ambaye ndiye mhusika mkuu wa *WandaVision* ya mwaka 2021, tamthilia hiyo inaiga vichekesho vya zamani kwa makusudi. Katika sehemu ya kwanza bosi na mkewe wanakuja kula chakula cha jioni, kisa kilichotumika mara nyingi nyumbani kwa Samantha. Bosi anakabwa na chakula, naye mkewe anarudia kusema "acha" huku akitabasamu, mpaka tunaelewa kwamba anamsihi Wanda, ambaye kwa uchungu wa kufiwa ameufunga mji mzima kwa uchawi ndani ya kipindi cha televisheni alichokibuni mwenyewe. Safari hii majirani ndio wanaolazimishwa kuigiza.

Mwigizaji wa mke huyo, Debra Jo Rupp, alirudi mwaka 2024 katika *Agatha All Along*, mwendelezo wa *WandaVision*, ambamo kundi la wanawake watu wazima linabeba hadithi yote, akiwemo Patti LuPone, aliyekuwa na miaka 75, kama mpiga ramli anayeogopa kipaji chake mwenyewe. Watazamaji wanacheka pamoja naye na wanamwombolezea. Anza na huyo, kisha urudi kwa Clara, kwa sababu kati yao kuna zaidi ya miaka 50 ambayo vichekesho vilikuwa na nafasi ya kumleta bibi kama huyo na mara nyingi havikumleta.