Kibao cha Stanley Kageye, Magu: kiandikwe nini, kijengwe vipi?

Ziwa82
Wakuu habari. Kamati ya kijiji Kageye inataka kuweka kibao cha kumbukumbu mahali Stanley alipofikia ziwani. Rasimu inasema: "Hapa alifika Mmarekani mashuhuri Henry Morton Stanley, mgunduzi wa Ziwa Victoria, 1875." Kibao kiwe cha shaba, kibandikwe kwenye jabali karibu na maji. Maandishi yako sawa? Kibali kinaombwa wapi? Na kitadumu?

KaleNaSasa
Futeni "mgunduzi". Wasukuma na Wakerewe walikuwa wakivua humo kabla ya Mzungu yeyote, na hata miongoni mwa Wazungu, Mwingereza John Speke alitangulia kuliona tarehe 3 Agosti 1858. Sifa ya Stanley ni nyingine, na inatosha: alilizunguka ziwa. Mashua yake, Lady Alice, ilitoka Bagamoyo vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Msafara ulifika Kageye 27 Februari 1875, mashua ikaunganishwa, akang'oa nanga 8 Machi na kurudi mwanzoni mwa Mei. Ndipo hoja ya Richard Burton, aliyekuwa kiongozi wa safari ya Speke, na wenzake, kwamba Speke aliona maziwa kadhaa madogo akadhani ni moja, ikaishiwa nguvu.

"Mmarekani" nako pana utata. Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akaenda Marekani akiwa kijana, akapigana pande zote mbili za vita yao ya wenyewe kwa wenyewe. Uraia wa Marekani aliuchukua rasmi 1885, miaka kumi baada ya Kageye, na 1892 akarudi kuwa Mwingereza. Andikeni "mwandishi wa New York Herald na Daily Telegraph", maana hayo ndiyo magazeti yaliyogharimia safari. Hapo hakuna wa kuwapinga.

Mwanabumbire
Naongezea. Agosti 1875 Stanley huyohuyo alirudi kisiwani Bumbire, Muleba ya leo, akiwa na mitumbwi na bunduki kulipiza kisasi, akaua watu kwa makumi. Aliandika mwenyewe magazetini, na huko Uingereza wakamlaani. Kibao kinachosifu tu kitachorwa matusi na vijana wanaoijua habari hiyo, na sitawalaumu sana. Halafu msiwasahau wapagazi. Wala Frederick Barker, kijana Mwingereza aliyefia hapohapo Kageye Aprili 1875 wakati bosi wake yuko majini.

FundiJiwe
Shaba hapana. Wanunuzi wa skrepa hawasomi historia. Tumieni granaiti nyeusi, sentimita 60 kwa 40, unene 3. Herufi zichongwe milimita 3 kwenda ndani, kimo chake milimita 25 ili msomaji wa hatua mbili tatu asiiname. Kwa ukubwa huo hayazidi maneno 40.

Jabali nalo lipimwe kwanza kwa nyundo. Mawe yetu huku hubanduka maganda kwa jua na mvua. Ukigonga likalia kama debe tupu, ganda limeachia, na siku likianguka litaondoka na kibao. Hapo bora mjenge nguzo. Magu ina udongo wa mbuga, mweusi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, kwa hiyo msingi wa futi moja utainama. Chimbeni mpaka mfikie changarawe au mwamba, zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), limwagiliwe maji siku saba.

Kubandika kwa saruji peke yake ndiko kunakoangusha vibao vingi: mgongo wa granaiti unateleza, saruji haishiki, jua la mchana linamalizia. Ukwaruzwe kwa grainda, upakwe gundi ya epoksi, na pini nne za chuma kisichoshika kutu zizame sentimita 6 ndani ya nguzo.

Ziwa82
Asante mkuu. Nguzo tukiiweka hapohapo ufukweni?

AfisaMstaafu
Hapana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Isitoshe, Mei 2020 maji yalipanda hadi kuipita kidogo rekodi ya 1964. Waulizeni wavuvi yalifika wapi, mkae juu ya hapo. Mkikwepa kuelekea barabarani, kumbukeni hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 toka katikati.

Kibali: muhtasari wa mkutano wa kijiji, barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala Idara ya Mambo ya Kale. Kwa upande wa majengo, sheria yao inalinda moja kwa moja ya kabla ya 1863. Ya 1875 hulindwa yakitangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo ulizeni kama eneo lenu limetangazwa. Mkichimba msingi mkakuta shanga, vigae au mifupa, simamisheni kazi mtoe taarifa.

FundiJiwe
La mwisho: kabla ya kuchonga, maandishi yachapwe kwenye karatasi ya ukubwa uleule, yabandikwe ofisi ya kijiji wiki mbili. Kosa la tarehe kwenye granaiti halifutiki, ni kununua jiwe jingine.