Makande ya shule: tupange vipi michango bila kumtenga mtoto?

Mjumbe wa kamati ya shule, Bahi
Salaam ndugu zangu. Shule yetu ya msingi ina wanafunzi 400, na tunapika makande ya mchana kwa mahindi na maharage yanayotolewa na wazazi. Kila mwaka ghala huwa tupu ifikapo Februari, wakati ambao hata majumbani chakula kimepungua, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba watoto ambao wazazi wao hawakuchangia huambiwa wakae chini ya mti wenzao wakila. Wenzetu mmefanyaje?

Mwalimu mstaafu, Njombe
Ndugu mjumbe, anzeni na mizani. Sisi tulipima gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa mtoto kwa siku, na kwa kuwa mwaka wa masomo una siku 194, tulipata takribani kilo 23 za mahindi na kilo 8 za maharage kwa kila mwanafunzi. Kwenu ni magunia 93 ya mahindi yenye kilo mia mia. Mzazi akiambiwa alete debe moja hudhani amemaliza, kumbe debe halifikishi mwaka. Kusanyeni Juni na Julai, mavuno yakiwa bado uani. Mkisubiri Januari, mzazi atalazimika kununua kwa bei ya juu kile alichokwisha kuuza. Daftari la ghala lisomwe hadharani katika kila mkutano, maana michango hukauka pale mzazi asipojua gunia lake limekwenda wapi.

Mama wa wanafunzi wawili, Kongwa
Naomba nizungumzie hao walio chini ya mti. Mtoto hana shamba wala ghala, kwa hiyo deni la mzazi lisidaiwe kwenye sahani yake. Kwetu asiye na mahindi hutoa mtama au uwele, asiye na nafaka huchota maji au kusaidia jikoni kwa zamu, na orodha ya wanaodaiwa hukaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, haiingii darasani.

Afisa lishe
Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yakauke kabisa, kisha yawekwe kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, juu ya chaga. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haiondoki kwa kuchemsha, hivyo punje zenye ukungu zisipikwe hata ghala likiwa limepungua. Maharage yalowekwe usiku kucha ili yaive upesi. Makande peke yake hayatoshelezi vitamini A. Pandeni viazi lishe (viazi vitamu vya rangi ya chungwa), mchicha na mipapai karibu na bomba, kwani tunda lenye vitamini C pia huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage.

Mjumbe wa kamati ya shule, Bahi
Nawashukuru sana. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi, na nitaomba hoja ya kwanza iwe kuwaondoa watoto chini ya mti kuanzia Jumatatu, hata kabla hesabu ya magunia haijakamilika.